Niliving'oa Vijiti vya Ndege

Alhamisi, 14 Novemba

Ukungu umekaa mlimani tangu asubuhi, na mpaka sasa, saa kumi na moja jioni, haujaondoka. Nguo nilizoanika jana bado mbichi. Nimekaa jikoni karibu na moto, simu mkononi, na moyo wangu haujatulia. Kuna jambo nililifanya Jumamosi. Nililificha siku tano, leo limetoka mbele za watu.

Wanaopita humu bloguni mara kwa mara wamezoea habari za karoti zangu na bei ya kabichi Mlalo. Leo sina habari ya karoti.

Leo naandika habari za mtu asiyemwamini mtu. Mtu huyo ni mimi.

Kama ni mara yako ya kwanza kufika hapa: naitwa Naomi, nina miaka arobaini na moja, naishi na mama yangu juu kidogo ya Mlalo. Baba alifariki miaka miwili iliyopita, ndipo nikarudi nyumbani. Kabla ya hapo nilifanya kazi miaka tisa kwenye duka la stesheneri pale Lushoto mjini, nikichapa barua na mikataba ya watu. Kazi ile iliniharibu. Nimechapa mikataba ya mashamba ambayo mwenye shamba alisaini amesimama, kofia mkononi, hajasoma hata mstari mmoja. Wengine niliwaona wakirudi baada ya mwaka kuomba nakala, na uso waliorudi nao haukuwa ule waliokuja nao mwanzo. Tangu wakati huo mtu akinipa karatasi, naanza na ukurasa wa mwisho, halafu namtazama machoni.

Tuna shamba la matuta kama kila mtu wa huku. Juu ya shamba, mgongoni mwa kilima, tuna kipande cha majani ya asili ambacho baba hakuwahi kukilima, wala babu kabla yake. Ukisimama pale unaona milima yote inayokuzunguka imelimwa viazi na kabichi, na pasipolimwa pamepandwa miti ya miwati hadi kileleni. Kwetu tu ndiko yalikobaki majani marefu yanayolala upepo ukija na kuinuka upepo ukipita. Baba hakuwa na maelezo marefu. Alikuwa akisema ng'ombe naye ni mtu wa nyumba hii, lazima awe na shamba lake. Mama hukata majani pale kila baada ya siku tatu nne, anajitwisha mzigo na kushuka nao hadi bandani.

Mwanzoni mwa Oktoba nilimwona mtu amekaa katikati ya majani yetu. Alikuwa na darubini. Nilisimama uani nikamtazama, naye akawa anatazama huku kwetu, au ndivyo nilivyoona. Alikaa vile kuanzia saa moja hadi karibu saa nne. Mtu mzima, kiatu kizuri, amekaa kwenye majani ya watu saa tatu nzima. Ungefikiri nini?

Aliposhuka alikuja moja kwa moja hadi mlangoni. Alimwamkia mama shikamoo kwa heshima zote, akaniita dada, akasema anaitwa Elibariki na anafanya kazi kwenye mradi wa kuhifadhi ndege. Alisema kwenye majani yetu kuna ndege adimu. Mdogo, rangi ya kahawia, michirizi mgongoni, anajenga kiota chini kabisa kwenye mashina ya majani. Nikataka kucheka. Ndege yule nimemwona tangu utotoni. Mama ana jina lake la Kishambaa, ila jina hilohilo humwitia kila ndege mdogo wa kahawia.

"Dada, huyu anaishi kwenye majani ya milimani tu," akaniambia. "Msituni haingii, na kwenye viazi hawezi kuzaa. Majani yakiisha, hana pa kuhamia."

Halafu yakaanza maswali. Kipande hiki mmekuwa nacho tangu lini? Nani anakata majani, na miezi gani? Mliwahi kuchoma moto? Mna hati ya kimila? Hilo la mwisho ndilo lililonishtua. Ndege anataka hati ya nini?

Akatoa karatasi mbili zilizobanwa pamoja. Makubaliano, alisema. Tusichome, tusilime, na wakati wa kuzaa tusikate sehemu zenye viota. Wao watatuletea miche ya majani ya tembo na gwatemala tupande kwenye kingo za matuta, ili ng'ombe asilale njaa. Bure.

Neno hilo ndilo lililonifanya nimtazame upya.

Nilimwambia atuachie karatasi tusome. Alipoondoka nilikaa nayo mezani na kalamu, kama zamani kule dukani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mzuri, umejaa maneno ya shukrani. Ukurasa wa pili, katikati, ndipo nilipokuta mstari huu: mmiliki anakubali eneo husika litambuliwe kuwa eneo la hifadhi. Mpaka lini, haikuandikwa. Nani atalitambua, haikuandikwa. Niliupigia mstari mara mbili hadi kalamu ikatoboa karatasi.

Jioni hiyohiyo Baba Mdogo Zakaria alikuja. Ni mdogo wake baba, anakaa ng'ambo ya bonde, mzee wa kanisa, ana sauti ya upole ambayo humfanya mtu aone kila analosema ameshalifikiri sana. Tangu msibani amekuwa akija kutuangalia kila wiki. Nilimwonyesha karatasi. Hakuisoma. Aliishika tu, akairudisha mezani.

"Wanaanza na ndege, mwanangu," akasema, "wanamalizia na bikoni. Babu yako alitolewa ukingoni mwa msitu hivihivi. Walikuja kwanza kuhesabu miti."

Kisha akashauri. Ardhi iliyolimwa haina ndege, na isiyo na ndege hakuna atakayeitaka. Tuilime mapema, mvua za vuli zisitupite. Yeye anamfahamu mtu mwenye mbegu nzuri za viazi. Mama alikuwa anapepeta maharage pembeni. Mimi niliitikia kwa kichwa. Sikukubali wala sikukataa. Nilichobaki nacho moyoni ni neno bikoni, lile jiwe la mpaka.

Kuanzia siku ile nililiona kila mahali. Pikipiki ikisimama barabarani, natoka kuangalia. Nikisikia mtu ameuliza njia ya kuja kwetu, nauliza ni nani na amevaa nini. Elibariki alikuja mara mbili zaidi, na mara zote mbili nilimwambia bado tunasoma. Alisema hakuna haraka. Nikajiuliza, kwa nini hana haraka? Watu wenye nia safi huwa na haraka, wana kazi nyingine za kufanya. Ndivyo nilivyojiambia. Sasa hivi nikiandika naona hata kama angekuwa na haraka ningemshuku kwa haraka hiyo.

Jumamosi iliyopita nilipanda kuangalia kama majani yamesimama vizuri baada ya mvua. Nikakuta vijiti. Vitano, vya mianzi, vimechomekwa ardhini kwenye duara, kila kimoja kimefungwa utepe mwekundu juu.

Damu ilinipanda. Hatujasaini, na mtu ameshakuja kuweka alama kwenye ardhi yetu. Lini? Lazima ni Jumatatu nilipokuwa sokoni Mlalo. Amesubiri nitoke. Nilimpigia Elibariki simu palepale, haikupatikana. Nikapiga tena, haikupatikana. Nikajisemea, kumbe hata simu anazima.

Sikungoja.

Niliving'oa vyote vitano, kimoja kimoja, nikavivunja kwa goti na kuvitupa kwenye korongo. Nilishuka nikiwa mwepesi, karibu nacheka. Kwa mara ya kwanza tangu baba afariki nilijiona nimelinda kitu. Mama nilimkuta anachambua mboga, sikumwambia. Nilijiambia sitaki kumtia wasiwasi.

Jumanne mama alikwenda kukata majani kama kawaida. Aliporudi hakuutua mzigo bandani. Aliutua uani, akaenda bombani, akaosha mguu wake wa kulia. Aliuosha kwa muda mrefu mno. Nikamfuata kuuliza kama amejikata.

"Nimekanyaga watoto wa yule ndege," akasema.

Alikuwa amekileta kiota kwenye kanga. Kilikuwa kama kikombe kidogo cha majani makavu, kimefumwa vizuri, upande mmoja umelala. Makinda yalikuwa mawili, hayajaota manyoya. Sitaeleza zaidi.

Halafu akasema lile ambalo tangu Jumanne linanizunguka kichwani. Kwamba Elibariki alikuja Jumatatu ile, mimi nikiwa sokoni. Alimwomba ruhusa yeye. Alimpeleka hadi juu, akamwonyesha kiota kwa mbali, akachomeka vijiti mama akiwa amesimama hapo, akamwomba asikate ndani ya duara mpaka makinda yaruke. Mama akakubali. Ijumaa alikata majani nje ya duara, akatazama vijiti vyake, akashuka. Mimi hakuniambia kwa sababu alijua nitagomba.

"Leo sikuviona vijiti," akasema. "Nikajua basi, wamesharuka, kijana amekuja kuvitoa. Nikaingia na mundu."

Nilikuwa nimesimama mbele yake. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikasema, "Pole, mama."

Hayo tu.

Jana, Jumatano, Elibariki akaja. Alikuwa upande wa Mtae karibu wiki nzima, kwenye bonde lisilo na mtandao, ndiyo sababu simu haikupatikana. Mama alimweleza mwenyewe, akamwonyesha kiota. Kijana yule alichuchumaa akakitazama bila kukigusa. Hakugomba. Alimpa mama pole, kana kwamba mama ndiye aliyefiwa. Kisha akauliza, "Vijiti alivitoa nani?"

Mama akasema hajui, labda wachunga mbuzi.

Mimi nilikuwa nimeshika ndoo. Niliitazama ndoo.

Na nitakiri jambo baya zaidi. Nilipokuwa nimesimama pale, kosa langu liko wazi kama ukuta, akili yangu bado ilikuwa inamchunguza yeye. Mbona hana hasira? Mtu kapoteza kitu alichosema ni adimu, mbona anazungumza taratibu hivi? Anataka nini? Ndivyo mtu anavyokuwa akizoea kushuku. Hata akikamatwa yeye, bado anampekua mwenzake mifuko.

Elibariki alisema atarudi leo asubuhi kuangalia kama wazazi wa yale makinda bado wapo. Mama akasema atakwenda naye.

Leo basi. Walitangulia mapema, mama na mundu wake, kijana na darubini yake isiyo na kazi katika ukungu huu. Mimi nilibaki nyuma nikiwasha moto, halafu nikachukua ile karatasi yenye mstari niliouchora na kuwafuata. Nilipanga kumbana kuhusu mstari ule. Nilijiambia nikikuta kosa upande wake, la kwangu litapungua uzito.

Nilikuwa bado napanda niliposikia majembe.

Mlio wa jembe kwenye ardhi isiyowahi kulimwa si kama mlio wa jembe kwenye tuta. Ni mzito, kama mtu anavunja mizizi ya jino. Nilikimbia. Kwenye pembe ya chini ya majani kulikuwa na wanaume watatu wanalima, majirani zetu wa ng'ambo, na Baba Mdogo Zakaria amesimama kando na koti lake la mvua anapima kwa hatua. Mama na Elibariki nao walikuwa wanashuka kutoka juu, wamesikia kama nilivyosikia mimi. Tulikutana wote pale katika ukungu.

"Usishtuke, mwanangu," Baba Mdogo akaniambia kwa ile sauti yake. "Tumeanzia huku chini. Mvua isije ikatupita."

"Nani amekubali?" nikauliza.

Alinishangaa kweli, hakuwa anaigiza. "Si wewe? Jumamosi nilikuwa ng'ambo kule, nikakuona unaving'oa vijiti vya huyu bwana na kuvivunja. Nikasema, Naomi ameshaelewa. Nikamwambia mwenye mbegu ajiandae."

Majembe yalikuwa yamesimama. Sikumtazama Elibariki. Nilimtazama mama, na mama hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu.

Nikasema, "Ni kweli. Niliving'oa mimi."

Sikuongeza sababu. Sababu nilikuwa nazo nyingi, zimepangwa vizuri, nimezirudia siku tano. Pale hakuna iliyofaa.

Nilidhani mama atanigeukia. Badala yake akapita mbele yangu akasimama kati ya wale wanaume na majani, mundu mkononi, akamtazama Baba Mdogo. Hawa wawili siku zote huzungumza Kishambaa. Leo mama alisema kwa Kiswahili, nadhani alitaka kila aliyekuwepo asikie, na mgeni pia.

"Shemeji, aliyekufa ni mume wangu. Mimi nipo."

Mmoja wa wale majirani aliweka jembe chini. "Shikamoo, mama," akasema, na ilikuwa ajabu kusikia salamu katikati ya jambo lile. "Tusamehe. Sisi tuliambiwa mmeshaongea." Wakakusanya majembe yao. Walikuwa wamegeuza eneo la ukubwa wa sebule yetu, udongo mwekundu umelala juu ya majani.

Baba Mdogo alivuta kofia ya koti lake. "Sawa," akasema. "Lakini siku mtakapoamka mkute bikoni hapa, msinitafute." Akashuka. Mtu aliyenibeba mabegani nikiwa mdogo, akashuka bila kuaga.

Na hapa sitaki kujidanganya. Sijui bado ni kiasi gani alikuwa anatulinda na ni kiasi gani alikuwa anatafuta shamba la viazi. Labda mwenyewe hajui. Habari ya babu kutolewa ukingoni mwa msitu ni ya kweli, wazee wote wa huku wanaijua. Ila namkumbuka siku ile alipokuja jioni, hakuisoma karatasi. Aliishika tu. Mimi ninayechunguza kila mtu, hilo sikuliona.

Nilimwomba Elibariki msamaha. Alisema, "Nilipaswa kukuambia na wewe pia, dada." Kisha, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikamfungulia ukurasa wa pili na kumwonyesha mstari.

Aliusoma. Akausoma tena. Ukungu ulikuwa umeanza kulowesha karatasi.

"Huu mstari sikuutilia maanani," akasema. "Karatasi hii iliandikwa ofisini. Mimi huwa naeleza habari za majani na miche."

"Umeipeleka nyumba ngapi?"

"Kadhaa. Huku, na Mlola."

"Na wamesaini?"

"Wamesaini."

Alikaa chini kwenye ule udongo uliogeuzwa, bila kujali suruali yake safi. Nimewaona watu wakiogopa karatasi za wenzao, sijawahi kumwona mtu akiogopa karatasi aliyoibeba mwenyewe. Au ni mwigizaji mzuri sana. Nimeligeuza jambo hili mchana kutwa. Ama alijua na ananidanganya, ama amekuwa akiwasainisha watu kitu ambacho hakukisoma. La pili ni bora kuliko la kwanza, lakini si kwa mbali.

Nilimpa kalamu, nikamwambia aandike pembeni. Makubaliano yawe ya msimu mmoja, yakiisha tuzungumze upya. Ardhi ibaki ya familia, na hilo liandikwe kwa maneno hayohayo. Neno hifadhi litoke. Tukiona hayatufai, tuwe na haki ya kujitoa bila kudaiwa chochote. Na aende nyumba zote zilizosaini, awasomee mstari ule kwa sauti, tena kwa Kishambaa, atafute wa kumtafsiria. Aliandika yote. Alisema ataipeleka ofisini, na Jumatatu atarudi na majibu. Kama hatarudi, nitajua. Kama atarudi na karatasi mpya, nitaanza na ukurasa wa mwisho.

Wakati tunaandika mama alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Kabla hatujashuka Elibariki alituashiria tunyamaze. Kisha kutoka kwenye majani ya juu, ambako hatukuona kitu zaidi ya weupe, ikaja sauti nyembamba, kavu, kama mtu anasugua kucha kwenye meno ya kitana. Ikajibiwa kutoka upande mwingine. Wapo wote wawili, akasema. Wakiachwa watulie, huenda wakajenga tena msimu huu. Nikamuuliza ana uhakika? Akasema hapana.

Nilimpenda kwa lile hapana. Halafu nikachukia kwamba nimempenda.

Mchana nilimkuta mama hapa jikoni anamenya viazi. Nikachukua kisu nikakaa karibu naye. Nilimwambia yote, kuanzia nilivyovikuta vijiti hadi nilivyoitazama ndoo. Nilimwambia niliogopa kuporwa ardhi, kwamba ninayajua makaratasi, kwamba nimeona watu wakilia dukani. Nilizungumza muda mrefu. Alimenya viazi vinne nikiwa bado naongea.

Nilipomaliza akasema, taratibu, kwa Kishambaa, nami nayaandika hapa kwa Kiswahili kama nilivyoweza:

"Yule kijana ulimshuku. Baba yako mdogo ukamwamini. Na mimi? Mimi ulinionaje, hata ukaona hakuna haja ya kuniuliza?"

Aliningoja kidogo, akaosha mikono, akatoka kwenda bandani.

Bado yuko huko. Namsikia anazungumza na ng'ombe, anamgombeza kwa kukanyaga majani yake. Sauti yake ni ya kawaida kabisa, na hilo linaniumiza zaidi kuliko kama angepaza sauti.

Nimekuwa nikiwaza juu ya wale watu wa dukani, waliosimama kofia mkononi. Siku zote nilipokumbuka habari zao nilijiona niko upande wao. Lakini mimi nilikaa upande wa kompyuta. Nilichapa nilichoambiwa, juu ya vichwa vyao, na sikumuuliza hata mmoja kama ameelewa. Na sasa nimefanya vilevile nyumbani. Mama anasoma kitabu chake cha nyimbo bila miwani. Amelikata jani la kilima kile miaka arobaini, anajua mahali maji yanapotuama na mahali ndege anapokaa. Karatasi ile imekuwa mezani mwezi mzima na zaidi. Nimeisoma mimi, ameishika Baba Mdogo, leo Elibariki ameandika juu yake. Hakuna aliyeisukuma upande wake wa meza.

Hata pale kilimani, baada ya yeye kuwafukuza wenye majembe, niliorodhesha masharti kama mwenye shamba ni mimi. Niliandikisha "ardhi ibaki ya familia." Familia ipi? Ardhi ni yake.

Simwamini Elibariki bado, na kwa Baba Mdogo sijui nitaingia na uso gani Jumapili kanisani. Hayo yatangoja. Kesho asubuhi, kabla mama hajachukua mundu, nitaiweka karatasi mbele yake pamoja na chai, na nitamuuliza: Mama, majani ni yako. Wewe unataka tuyafanyeje?

Halafu nitanyamaza.